Nani Apige Hodi kwa Mzee?

Ndugu wasikilizaji, makamanda, wapiganaji na askari wa vyombo vyote vya ulinzi na usalama, katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani hatutazungumza habari za mipaka wala za mapigano. Tutazungumza jambo ambalo kila mmoja wenu hulichukua moyoni anapopangiwa kituo cha mbali, nalo ni hali ya mzazi mzee aliyebaki kijijini.

Askari huenda alikopelekwa. Aliyezaliwa Kigoma hulinda Mtwara, na aliyezaliwa Mtwara hulinda Kagera. Mshahara ukitoka, hutuma fedha kwa simu, na mama hujibu kwamba zimefika. Lakini fedha hazichoti maji. Hazimshiki mzee mkono anapokwenda msalani usiku, wala hazijui kwamba dawa zake za shinikizo la damu zilikwisha wiki iliyopita na mwenyewe ameona haya kusema. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi swali letu ni hili: fimbo ya karibu ni ya nani, na katika nchi zinazopakana nasi imekabidhiwa kwa nani?

Kabla ya kuvuka mpaka, yafaa tueleze kazi yenyewe. Afya ya jamii ni yale yote yanayofanywa ili watu wasiugue: maji safi, vyoo, uzoaji wa taka, ukaguzi wa vyakula sokoni, chanjo, na upimaji wa maradhi kabla hayajamwangusha mtu. Matunzo ya watu wazima ni msaada anaopewa yule asiyeweza tena kujihudumia kwa sababu ya uzee, ulemavu au maradhi: chakula, usafi wa mwili, mtu wa kumsindikiza hospitali, na ulinzi dhidi ya wanaotaka kumwonea. Kazi hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Mzee ambaye shinikizo lake la damu halikupimwa leo aweza kupooza kesho, na aliyepooza huhitaji mtu wa kumgeuza kitandani kila siku. Kazi zote mbili hufanyika mlangoni pa nyumba, mbali na wizara, na ndiyo sababu nchi nyingi huzikabidhi kwa serikali zilizo karibu na mwananchi. Tutatazama nchi tatu: Kenya, Uganda na Rwanda.

Tuanze na Kenya. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 serikali za kaunti zilianza kazi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo liliziachia kaunti hospitali na zahanati zilizo katika maeneo yao, magari ya wagonjwa, huduma ya msingi ya afya, leseni za wauza vyakula, makaburi na uzoaji wa taka. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera ya afya pamoja na hospitali kuu za rufani. Kisha Ibara ya 57 ikaweka neno zito: kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, kutodhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Dola. Yaangalieni maneno hayo mawili, jamaa na Dola. Katiba haikumwondolea mtoto wajibu wake. Ilikataa tu kwamba, mtoto akishindwa au akiwa mbali, mzee aachwe peke yake.

Madaraka hayo yalileta manufaa yake. Kaunti ya Makueni, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2016 mpango ambao kwa huo kila kaya ilichangia shilingi 500 za Kenya kwa mwaka, na kwa kadi hiyo kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Lakini kukabidhi kazi bila kukubaliana nani atailipia kulizaa balaa. Mwaka 2013 chama cha madaktari kilikuwa kimetiliana saini na serikali ya kitaifa mkataba wa mishahara na masharti ya kazi. Baadaye madaktari walio wengi wakawa watumishi wa kaunti, na kaunti zikasema kwamba hazikuwamo katika mkataba huo. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo haukwisha mpaka tarehe 14 Machi 2017, yaani siku 100. Katika mwaka huo huo wa 2017 wauguzi nao waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Wenye uwezo walikwenda hospitali za watu binafsi. Wasio na uwezo walirudishwa langoni. Ninyi mnaelewa vizuri hatari ya kikosi chenye wakubwa wawili, mmoja akitoa amri na mwingine akiwa ndiye mwenye ghala, ilhali hawajapatana.

Hata hivyo Kenya ilijifunza. Mwezi Septemba 2023 ilizindua utaratibu wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja akitazamiwa kuhudumia nyumba zipatazo 100. Walipewa mkoba wenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari na vifaa vinginevyo. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali ya kitaifa na nusu itoke kaunti. Safari hii swali la nani alipe lilijibiwa kabla ya watu kutumwa kazini.

Uko pia mpango wa Inua Jamii, ambao kwa huo serikali ya kitaifa humlipa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 mpango huo ulipanuliwa kuwafikia waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, bila ya kuwapima nani maskini zaidi. Ni msaada wa maana, kwani bibi mwenye fedha zake mwenyewe huheshimiwa nyumbani. Lakini tukumbuke tulivyosema mwanzo: fedha hazichoti maji.

Ndugu wasikilizaji, sasa tufikie jambo ambalo linawahusu hasa askari polisi. Mwezi Oktoba 2021, katika Kaunti ya Kisii, magharibi mwa Kenya, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya nchi hiyo, mauaji ya wazee kwa tuhuma kama hizo yametokea kwa miaka mingi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hukutwa mgogoro wa ardhi ya urithi. Wapo wazee waliofikia kupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, ambako wazee waliotishiwa kuuawa wamepewa hifadhi. Wahenga wetu walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nchi ambayo mzee huficha mvi zake, neno limekwisha kuharibika.

Je, mauaji hayo yana uhusiano gani na kazi ya halmashauri? Uhusiano ni mkubwa. Yako maradhi ya uzeeni yanayodhoofisha ubongo na kumpokonya mtu kumbukumbu zake. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kuamka usiku wa manane, akafungua mlango, akatembea bila kujua aendako. Hukutwa uani kwa jirani, pengine bila nguo, akizungumza na watu waliokufa zamani. Asubuhi hakumbuki lolote, na kwa hiyo hawezi kujieleza. Mganga aliyesomea angetambua ugonjwa mara moja. Jirani ambaye hakufundishwa huona mchawi aliyenaswa, na kijana anayelimezea mate shamba la bibi huona nafasi aliyokuwa akiingojea.

Hapo ndipo kazi ya kaunti au ya halmashauri isiyofanyika inapogeuka kuwa jalada juu ya meza ya polisi. Laiti mhudumu wa afya angalikuwa amemtembelea bibi yule, angalitambua dalili miezi mingi kabla, angaliwaeleza jamaa na majirani kwamba huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na angalimwarifu afisa wa ustawi wa jamii kwamba yuko mjukuu anayetoa vitisho. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, humtia hatiani mtu anayemtuhumu mwenziwe uchawi pasipo kupeleka malalamiko yake kwa wenye mamlaka. Lakini sheria humfikia muuaji baada ya damu kumwagika. Mwenye kuweza kumfikia mzee kabla ya siku hiyo ni yule apitaye mlangoni pake kila juma.

Tuelekee sasa Uganda. Nchi hiyo ilikuwa na mabaraza ya mitaa, tangu kijijini hadi wilayani, hata kabla ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 kuyaimarisha. Jambo la kujifunza huko ni kwamba wazee wamepewa viti vyao katika mabaraza hayo, mwanamume na mwanamke, nao huketi pamoja na wajumbe wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2021 wazee wana wawakilishi wao watano hata Bungeni. Mwezi Machi 2001 Uganda ilikuwa imefuta malipo katika vituo vya afya vya serikali, ila katika wodi za kulipia. Mzee aliyekuwa akikaa nyumbani na ugonjwa wake kwa kukosa senti alipata njia ya kwenda kituoni.

Mwaka 2010 Uganda ilianzisha mpango wa kuwalipa wazee wa wilaya chache, na malipo yake yalifikia shilingi 25,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 65, na kwa Karamoja, eneo lenye shida kubwa zaidi, ulikuwa miaka 60. Mpango ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2020, wazee waliokuwa wakiandikishwa upya walitakiwa wawe wametimiza miaka 80. Sababu ilikuwa fedha. Lakini mtu aliyelima kwa jembe la mkono maisha yake yote huchoka mapema zaidi ya miaka 80, na wengi hawaufikii umri huo. Msaada unaokuja mtu akiwa ameshakwenda kaburini haukumfaa.

Shida nyingine ya huko yatufaa sote. Ili kulipwa, mzee alitakiwa awe na kitambulisho cha taifa, na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo ndio uliohesabiwa. Lakini wazee wengi hawakuzaliwa hospitali, na mwaka wao waliujua kwa matukio, kama mwaka wa njaa au mwaka wa nzige. Karani alipokisia vibaya, mzee alipunguziwa umri kwa kalamu, naye akakosa haki yake. Mwingine hakuwa na kitambulisho kabisa, kwa kuwa hakuweza kufika kilipoandikiwa. Mashine haimjui mzee. Anayemjua ni mwenyekiti wa kijiji, anayekumbuka kwamba bibi huyu alikuwa tayari ana wajukuu yeye mwenyewe alipoanza shule. Kwa hiyo daftari la serikali kuu lisiposahihishwa na macho ya kijijini, litaendelea kumwacha nje mtu yule yule liliyewekwa kwa ajili yake.

Rwanda, jirani yetu wa magharibi, ilijipanga kwa namna nyingine. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliigawa nchi katika wilaya 30, na chini yake tarafa, kata na vijiji vipatavyo 14,800. Tangu mwaka huo huo wa 2006 mameya wa wilaya hutia saini mbele ya Rais ahadi za kazi, ziitwazo imihigo, wakitaja watakachokifanya katika mwaka. Na mwisho wa mwaka hupimwa kwa ahadi hizo. Asiyetimiza huulizwa. Askari hana haja ya kufafanuliwa utaratibu huo, maana unafanana na taarifa ya kikosi kwa kamanda wake.

Katika kila kijiji cha Rwanda wapo washauri wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Kazi hiyo ilianza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, wakati ambapo waganga wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia na nchi haikuwa na njia nyingine ya kumfikia mgonjwa. Mwaka 1999 ilianza kwa majaribio bima ya afya ya jamii, ambayo baadaye ilienea nchi nzima, na wale maskini kupita wote hulipiwa mchango wao.

Lakini Rwanda nayo ina somo la tahadhari. Washauri hao ni watu wa kujitolea. Malipo wapatayo kwa utendaji hupitia katika vyama vyao vya ushirika, na wao wenyewe wana mashamba ya kulima. Tena kwa miaka mingi kazi yao kubwa ilikuwa watoto na wajawazito: malaria, kichomi, kuhara na uzazi. Jambo hili halikuwa la Rwanda peke yake. Karibu Afrika Mashariki yote ilipanga huduma za vijijini kwa ajili ya mama na mtoto, na ilifanya vizuri, kwani watoto wengi waliokuwa wakifa sasa huishi. Lakini kwa muda mrefu mhudumu alipopita nyumba kwa nyumba aliuliza kama kuna mtoto chini ya miaka mitano. Akiambiwa hakuna, alipita. Bibi aliyekaa peke yake chumba cha nyuma hakuulizwa hali.

Ndugu wasikilizaji, kutokana na nchi hizi tatu tunaweza kuona mambo matatu yanayotakiwa yakae pamoja. La kwanza ni daftari la karibu, linalotaja kila mzee kwa jina, anaishi na nani, na anaweza kufanya nini mwenyewe. La pili ni mtu maalumu aliyekabidhiwa nyumba hizo, aliyefundishwa kupima maradhi ya wazee na kutambua dalili za ugonjwa wa akili na za uonevu. La tatu ni fungu la fedha lililokubaliwa mapema baina ya serikali kuu na serikali ya mtaa, ili mtu huyo asipewe sifa badala ya posho. Kenya ilichelewa kulipatia ufumbuzi jambo la tatu. Uganda ilitatizwa na la kwanza. Rwanda ililiweka la pili mapema, lakini kwa muda mrefu mzee hakuwa mbele katika orodha.

Tusidhani kwamba tunawanyooshea jirani zetu kidole. Sisi wenyewe, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, tumepata kuzika akina mama wazee waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka yote. Hapo jiko bora na dawa ya macho, ambavyo ni kazi ya afya ya jamii, vingaliokoa maisha ambayo bunduki ya askari haikuwahi kuyaokoa. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimiza miaka 70. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Halmashauri zetu zina maafisa wa ustawi wa jamii na wa afya. Kwa hiyo tunao msingi, na swali lililobaki ni kama mlango wa mzee umo katika njia ya watu hao.

Askari anaweza kufanya nini? Yuko mbali, lakini hayuko bila njia. Akienda likizo, asiishie kuezeka nyumba na kuacha fedha. Amtafute mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa afya, awajue kwa majina, achukue namba zao, na ahakikishe kwamba jina la mzazi wake, na la mzee wa jirani asiye na mtoto, yamo katika daftari. Aulize kitambulisho cha mzee kina mwaka sahihi. Haya ni mambo ya siku moja, nayo yana faida ya miaka.

Na askari polisi aliye katika kata analo jukumu zaidi. Neno la kwamba fulani ni mchawi likimfikia, alihesabu kuwa ni taarifa ya hatari kwa maisha ya mtu, asilicheke wala asilingoje likomae. Amwone mzee huyo akiwa pamoja na afisa wa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya. Achunguze nani anagombea shamba. Mzee aliyekutwa akitangatanga usiku apelekwe hospitali, asitiwe mahabusu, wala asirudishwe kimyakimya kwa watu waliokwisha kushika mawe. Polisi anayefanya hivyo amezuia mauaji, na ingawa jambo hilo halitaandikwa katika hesabu ya kesi, bibi yule ataota jua asubuhi inayofuata.

Ulinzi wa nchi huanza mpakani, lakini hauishii hapo. Mpiganaji anayejua kwamba kuna mtu anayempigia hodi mama yake kila juma hukaa lindoni akiwa na moyo mmoja. Asiyejua hukaa na mioyo miwili, mmoja mpakani na mmoja kijijini. Kwa hiyo halmashauri inayowatunza wazee vizuri inaliimarisha jeshi bila ya kushika silaha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya karibu tumekwisha kuichonga, sisi na jirani zetu. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba iko mikononi mwa mtu, na kwamba mtu huyo analijua jina la mzee na njia ya kufika kwake.